Kutunga muziki wa igizo la shule: tunga kwanza namna ya kutoka

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uanzie wapi kutunga muziki wa igizo la dakika 50 litakalopanda jukwaani baada ya wiki sita, na kama laptopu yenye programu za bure itatosha. La pili halina ugumu. Inatosha kabisa. MuseScore kwa kuandika noti, LMMS au GarageBand kwa kupanga ala, Audacity kwa kukata na kusafisha. Wanaokwama kwa sababu ya programu ni wachache. Wengi hukwama kwa sababu wametunga kana kwamba wanatungia filamu.

Filamu ikishahaririwa haibadiliki. Mlango unaofungwa sekunde ya 41 utafungwa sekunde hiyohiyo leo na mwakani. Jukwaani, mlango huo utafungwa sekunde ya 35 mazoezini, na ya 52 mbele ya watazamaji kwa sababu watu wamecheka na mwigizaji amesubiri watulie. Kwa hiyo kila kipande chako lazima kiweze kurefuka na kiweze kukatika bila kusikika kuwa kimekatwa. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Usiguse kinanda kwanza. Soma mswada mara moja bila kalamu. Mara ya pili tia alama kila unapohisi muziki unaitwa. Mara ya tatu futa nusu ya alama hizo. Igizo la dakika 50 linabeba vizuri muziki wa dakika 12 hadi 18 kwa jumla. Ukizidisha, watazamaji wanaacha kuusikia, na siku unapouhitaji kweli hauna nguvu. Kisha kaa na mwongozaji mjaze jedwali. Mstari mmoja uwe hivi (M4 ni kipande cha nne cha muziki):

M4, uk. 17. Unaanza: mama anaposhusha ndoo. Unatoka: "Basi ondoka." Urefu: sekunde 40 hadi 65. Kazi: mtazamaji ajue binti anadanganya kabla mama hajajua.

Hiyo "kazi" ndiyo safu inayookoa muda. Ukiandika "huzuni" hujaandika kitu, maana mwigizaji tayari analia na muziki wa kulia juu yake ni kurudia jambo lilelile mara mbili. Andika muziki unaongeza nini ambacho macho hayakioni. Kama huna jibu, futa kipande hicho. Kwa upande wa kuanzia, pendelea tendo kuliko sentensi, kwa kuwa sentensi husahaulika. Ikibidi iwe sentensi, andika na tendo la akiba kando yake, fundi wa sauti asibaki anasubiri maneno ambayo hayatakuja.

Urefu usiukisie. Rekodi mazoezi kwa simu, siku tatu tofauti, uingize rekodi kwenye programu yako na utunge ukiwa unasikia sauti za waigizaji wenyewe. Hesabu ni nyepesi: gawa 60 kwa kasi (mapigo kwa dakika), unapata sekunde za pigo moja. Kasi ya 80 inakupa sekunde 3 kwa kipimo cha mapigo manne, 96 inakupa 2.5, na 120 inakupa 2. Onyesho la sekunde 40 kwa kasi ya 96 ni vipimo 16 kamili. Kama rekodi zako tatu zinatofautiana kwa sekunde 5 tu, fifisha mwisho na imetosha. Zikitofautiana kwa 20, unahitaji mzunguko.

Mzunguko maana yake kipande kinaandikwa kwa sehemu tatu: mwanzo wa vipimo viwili, mzunguko wa vipimo vinne au vinane, na mwisho wa kipimo kimoja au viwili. Mtego uko hapa: mzunguko wa vipimo vinane kwa kasi ya 80 ni sekunde 24. Mwigizaji akimaliza sentensi wakati umetoka tu kuanza upya, utasubiri karibu nusu dakika! Dawa yake ni kuandika ili mwisho uweze kuingia kila baada ya vipimo viwili, yaani sekunde 6. Besi irudi kwenye noti ileile kila baada ya vipimo viwili, na mwisho wako uanze kwa kordi inayokubali kupokea kutoka popote hapo. Melodi inayokumbukwa iweke kwenye mwanzo na mwisho. Katikati acha mapigo, besi na noti ndefu tu. Melodi nzuri ikirudiwa mara nne mfululizo, kila mtu ukumbini anajua kuna kitu kinazungushwa.

Kwenye kukata mzunguko kuna mambo mawili ambayo karibu kila anayeanza huyakosa. La kwanza ni mkia wa mwangwi. Ukikata mwisho wa kipimo cha nne, mwangwi wa noti za mwisho unakatwa nao, na kila mzunguko unapoanza upya unasikia kama mtu amemeza pumzi. Panga mzunguko mara tatu mfululizo, toa vyote kama faili moja la sauti, kisha kata ule wa katikati: mkia wa uliotangulia utakuwa umeshaingia mwanzoni mwake. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa sifuri, la sivyo utasikia "tk" kwenye kiungo. La pili ni aina ya faili. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni wakati wa kubana, na ukimya huo unatosha kuufanya mdundo ujikwae kila mzunguko. Toa WAV, 48 kHz, biti 24.

Kupiga siku ya onyesho, programu ya QLab kwa Mac inaweza kuamriwa imalize mzunguko uliopo kisha iendelee na mwisho. Linux Show Player nayo ni ya bure kwa wenye Linux. Kama una kicheza muziki cha kawaida tu, weka mwisho kwenye faili lake na uuanze kwa kitu kizito, kordi nzima au toazi. Fundi anaupiga huku akishusha mzunguko ndani ya sekunde moja, na uzito ule unaficha mshono.

Kuhusu melodi kuu: noti nne hadi sita, basi. Ushauri wangu ni uikwepe noti ya tatu ya skeli. Chukua mfano wa so ya chini, do, re, so. Humo hakuna mi, kwa hiyo haijaamua kuwa meja wala maina. Kordi unazoweka chini ndizo zinazoamua. Noti hizohizo zitafaa harusini na msibani bila kubadilisha hata moja. Mabadiliko mengine ya bei rahisi: ongeza urefu wa kila noti mara mbili, ipeleke kwenye besi, au inyime noti ya mwisho kila inapotokea hadi onyesho la mwisho kabisa. Melodi mbili zinatosha igizo zima, tatu kama ni lazima. Kila mhusika kuwa na wimbo wake ni wazo linalopendeza kwenye karatasi. Mtazamaji anayesikia mara moja tu hawezi kubeba nyimbo nane kichwani.

Sasa muziki unaopita chini ya maneno. Uwazi wa maneno, hasa konsonanti, unakaa sana kati ya 1,000 na 4,000 Hz. Kwenye ikwalaiza (kidhibiti cha kupunguza au kuongeza sauti za juu, kati na chini), punguza eneo hilo kwa desibeli 3 hadi 6, kwa upana, kwenye muziki wote unaopita chini ya mazungumzo. Lakini ikwalaiza haitaokoa mpangilio mbovu. Filimbi au fidla inayopiga melodi kwenye kimo cha sauti ya mtoto anayeongea itashindana naye tu, hata uipunguze vipi. Tumia noti ndefu za chini, na huku juu noti moja moja zinazodondoka kwenye mapumziko ya mazungumzo. Epuka ala zenye mpigo mkali, maana kila mpigo unafunika konsonanti. Sauti za watu wakiimba maneno chini ya mtu anayeongea, usijaribu. Na sentensi nzito kuliko zote kwenye onyesho usiitilie muziki: zima sentensi moja kabla yake, ili ukimya uwe umeshatulia inapofika.

Kama kuna nyimbo zenye maneno, hapa ndipo watunzi wazuri wa ala huharibu. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na silabi hiyo inataka pigo zito. Chukua "Nimekuja kutafuta." Mizani nane, mkazo kwenye KU na FU, yaani ya tatu na ya saba. Ukianza NI kwenye pigo la kwanza, mkazo unaanguka vibaya. Anza kabla ya kipimo: NI-ME ziwe nusu-nusu kwenye pigo la nne, KU ipate mapigo mawili kuanzia pigo la kwanza, JA pigo la tatu, KU-TA nusu-nusu kwenye la nne, FU ianze kipimo kipya. Itaimbika yenyewe. Halafu ubeti wa pili mtunzi anaandika "Kwa mama yangu narudi," anahesabu mizani nane, anasema sawa. Si sawa. Kwenye melodi ileile silabi ya tatu sasa ni MA ya pili ya "mama," na waimbaji wataimba mamÁ. Mizani kulingana hakutoshi. Angalia na mikazo, na pasipolingana badilisha neno au urefu wa noti.

Angalia pia M inayosimama peke yake. "Mtoto ameondoka" ni mizani nane kwa sababu M ya "mtoto" ni silabi kamili na inadai noti yake. Ukiinyima, mwimbaji ataimeza au atasema "umtoto."

Kimo cha sauti: kwa watoto ambao sauti hazijavunjika, kaa kati ya la iliyo chini ya do ya kati na re ya oktavu inayofuata. Wavulana wa miaka 12 hadi 15 ni kundi la kuchunga. Wengine wana chini ya oktavu moja inayotumika, na inaweza kuhama ndani ya wiki hizo sita. Mpime kila mmoja, andika noti yake ya chini na ya juu anazoimba bila kujikamua, kisha tunga ukiacha noti moja kila upande. Ukitumia wapigaji wa moja kwa moja, kumbuka kuwa tarumbeta na klarineti za B-flat husikika toni moja nzima chini ya zilivyoandikwa, saksofoni ya alto chini zaidi, na gita oktavu moja chini. MuseScore inageuza yenyewe, mradi uchague ala sahihi mwanzoni kabisa.

Ukumbini utakutana na spika, si hedifoni zako. Spika nyingi za shule hazitoi kitu cha maana chini ya Hz 70 hivi, kwa hiyo besi uliyoipenda nyumbani itatoweka. Irudie oktavu moja juu kwa sauti ndogo. Mifumo mingi pia ni ya mono (kushoto na kulia vimeunganishwa kuwa njia moja), hivyo sikiliza kila kipande kwa mono kabla ya kukitoa, maana sauti za sintesaiza zilizotanuliwa sana kushoto na kulia hupungua au hufutika kabisa.

Kuna kosa moja la waya linalowachanganya hata mafundi. Waya wa sterio kutoka tundu la hedifoni la laptopu ukichomekwa moja kwa moja kwenye njia moja ya mikseri inayopokea waya wa balansi (unaobeba sauti moja kwa nyuzi mbili zinazopingana), mikseri hutoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Kila kilicho katikati kinafutika: mwimbaji, besi, ngoma. Kinachobaki ni mwangwi wa mbali, na watu wanaanza kulaumu faili. Tumia waya unaogawanya kushoto na kulia kwenye njia mbili, au kisanduku cha DI, kile kinachokaa kati ya laptopu na mikseri. Kisanduku hicho kikiwa na swichi ya kukata waya wa ardhi kitaondoa pia ule mngurumo unaokuja unapochomeka chaja. Bluetooth usiiguse, inachelewesha sauti na inaweza kukatika. Zima intaneti, arifa na usingizi wa laptopu.

Faili zote zitoke kwa uzito unaokaribiana, tuseme -20 LUFS (kipimo cha uzito wa sauti unavyosikika), na vilele visipite -3 dB, ili fundi asiwe anakimbizana na kidhibiti kutoka M3 kwenda M4. Kiwango cha ukumbini panga ukiwa umekaa safu ya nyuma kabisa, mwigizaji akiongea jukwaani bila kupandisha sauti. Ukumbi ukijaa watu, miili hunyonya sauti ya juu na minong'ono huongezeka, kwa hiyo acha desibeli 3 za akiba.

Kwa wiki zako sita: ya kwanza ni mswada na jedwali. Ya pili ni melodi kuu na kipande kirefu kuliko vyote. Mwisho wa ya nne kila kipande kiwepo mazoezini, hata kama ni kibaya, kwa sababu waigizaji hubadilisha mwendo wao wakisikia muziki na utalazimika kupima upya. Ya tano ni marekebisho. Ya sita hakuna noti mpya hata moja, hata mwongozaji akiomba. Sampuli za ala ulizopakua, soma leseni zake sasa hivi. Nyingine zinataka utajwe mtengenezaji kwenye karatasi ya programu, na karatasi hiyo huchapwa mapema. Fundi mpe mswada uliochapwa wenye alama za kalamu kwa kila M, pamoja na nakala ya faili zote kwenye flashi iliyojaribiwa kwenye laptopu nyingine.