Maswali ya Wasomaji: Mbona maji yamebadilika?

SWALI: Mimi ni mzamiaji. Mahali pale pale, mwezi ule ule, mwaka jana maji yalinitetemesha meno. Mwaka huu ni vuguvugu, tena ya buluu kama ya kilindini. Yametoka wapi?

JIBU: Umejibu nusu mwenyewe, ndugu yangu: ni ya kilindini kweli.

Unazamia juu ya ukingo wa bara, sakafu inayoteremka taratibu hadi mita 150 hivi, kisha inaporomoka. Usidhani maji huuvuka mporomoko huo ovyo. Kwa kuwa dunia inazunguka, mikondo mikubwa hupenda kuambaa nao. Ili yavuke, lazima kitu kivuruge utaratibu: upepo, msuguano wa sakafuni, au maduara ya maji.

Maduara ndiyo kipenzi changu. Mkondo wa Ghuba, mto wa maji ya moto baharini mashariki mwa Marekani, hujipinda mpaka kipande kinakatika na kubaki kikizunguka peke yake, upana wa kilomita 100 au zaidi. Kikigusa ukingo, huvuta maji baridi nje na kuingiza ya moto yenye chumvi nyingi. Mwaka mmoja huja maduara mengi, mwingine machache.

Niliwahi kushusha kipimajoto penye mpaka wa namna hiyo, maji baridi yanapokutana na ya moto. Ndani ya mita chache nyuzi ziliruka, nikakigongagonga nikidhani kimekufa. Nahodha alicheka sana.

Daftarini mwako andika na upepo wa siku zilizotangulia. Ukivuma sambamba na pwani, waweza kusukuma maji ya juu nje, ya baridi yakapanda kushika nafasi.