Mazoezi na hofu ya watu kwa vijana
Mazoezi ya mwili yanasaidia kupunguza hofu hii, ila peke yake hayaponyi. Kijana mwenye hofu ya kuwa mbele za watu huogopa hata dalili za mwili wake: moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kukatika. Akikimbia au kuruka kamba anazipata dalili zilezile pasipo aibu yoyote, na polepole zinaacha kumtisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Lakini msimsukumie kwenye timu siku ya kwanza. Kutazamwa akikosea ndiko hasa anakokuogopa. Aanze na rafiki mmoja. Kama ameshaanza kukwepa shule, apelekwe kwa mtaalamu wa saikolojia, mazoezi yawe nyongeza tu.