Mchango wa kumpongeza diwani: mimi sikutoa, ila si kwa sababu unayodhani

Mkuu kauliza hapo juu, mtaani kwao hapa hapa Tanga mjini mjumbe anapita nyumba kwa nyumba na daftari, elfu tano tano, eti kuna hafla ya kumpongeza diwani kwa maendeleo aliyotuletea, kutakuwa na keki, bango na zawadi, je atoe au asitoe, na huyo diwani anastahili kweli au ni uchawa tu. Nimesoma majibu yenu, nusu mnasema toa uepuke maneno, nusu mnasema wote wezi hao. Ngoja na mie niseme maana kwetu mchango kama huo ulishapita, kata sitaitaja.

Sikutoa. Ila diwani wetu si mtu mbaya na mwizi simjui kuwa ni mwizi. Kwangu mimi yule bwana anastahili sifa tena nzuri tu, tatizo anasifiwa kwa yasiyo yake, na yale yake hasa sijasikia mtu akiyataja hadharani hata siku moja.

Nieleze. Mwishoni mwa 2021 zilipokuja zile hela za UVIKO, ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, nchi nzima yakajengwa madarasa 15,000, milioni ishirini kila darasa, na sekondari yetu ya kata ikapata mgao wake. Ulikuwa ule mtindo wa fosi akaunti, hakuna mkandarasi, hela inaingia akaunti ya shule, fundi anatafutwa hapo hapo mtaani, na wananchi mnaunda kamati, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mie nikatupwa ya mapokezi kwa kuwa duka langu liko karibu na shule na mwandiko wangu unasomeka. Kazi yenyewe ni kupokea mali, unahesabu, unaandika, unasaini, na jina lako linabaki mle siku mkaguzi akija.

Jioni moja ikaja fuso ya saruji. Delivari inasema mifuko mia mbili. Kamatini tulikuwa na mzee mmoja aliwahi kuwa karani bandarini enzi katani ikiwa katani, yule kwenye kuhesabu humwambii kitu, akasema shusheni mpange kumi kumi, hakuna kurusha rusha. Tukahesabu, mia themanini na sita. Tukarudia, ile ile. Dereva akaanza, wazee wangu sainini tu, iliyobaki inakuja kesho na gari la mchanga, magharibi inaingia mnanichelewesha. Mkuu wa shule kashika kichwa, maana huko juu wanataka madarasa yaishe kabla shule hazijafunguliwa Januari, na kila siku anadaiwa picha za ujenzi kwenye grupu la wasap. Nusu ya kamati ikawa imeshalegea, nitawadanganya nini, mtu ana njaa, giza linaingia, na mifuko yenyewe si yake.

Msambazaji akampigia simu diwani. Tukajua basi imekwisha, maana yule jamaa wa duka la vifaa walikuwa naye pamoja kwenye kampeni, inajulikana mtaa mzima. Diwani kaja na bodaboda, kavaa msuli na kofia, katokea msikitini. Tukamweleza. Akaomba kitabu cha mapokezi, akakisoma, akamgeukia mzee, "Mzee wangu, umehesabu mwenyewe?" Mzee akamjibu, "Mara mbili, mwanangu." Basi akasema andikeni mlichokiona kwa macho yenu, mia themanini na sita, na ankara isomeke hivyo hivyo, iliyobaki ikija mtaiandika siku itakayokuja. Akakaa juu ya matofali mpaka wote tukasaini, ndipo akapanda boda yake. Ile mifuko kumi na minne ikaletwa kesho yake asubuhi hata chai hatujanywa, na yule msambazaji alimnunia diwani muda mrefu sana.

Sasa njooni siku ya uzinduzi. Maturubai, spika, ngoma, watoto wamepangwa juani toka asubuhi. MC anasema mheshimiwa ameupiga mwingi, ametuletea madarasa. Mheshimiwa mwenyewe akasimama, "Ndugu zangu nimewaletea madarasa." Amewaletea kutoka wapi? Ule ni mkopo wa nchi, unalipwa na kodi ya huyo muuza mihogo aliyesimama nyuma ya turubai, kodi iliyomo kwenye vocha yake na mafuta ya taa yake. Mia themanini na sita haikutajwa na mtu. Mzee wa watu hakuitwa hata kusimama apungiwe mkono. Nikapiga makofi na mimi kwa sababu kila mtu anapiga, lakini nilikuwa najiuliza mbona huyu bwana anavalishwa shada la jambo ambalo lingekuja hata kama diwani angekuwa mbuzi.

Na si madarasa tu. Nimewahi kuona bango la diwani akishukuriwa kwa BANDARI jamani. Uboreshaji wa bandari yetu ni bilioni 429.1, gati imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi 13, meli zilizokuwa zinatia nanga karibu kilomita mbili huko nje mzigo ukaletwa kwa matishari siku hizi zinafunga gatini, hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Bandari na fedha za taifa, diwani kikao cha kuijadili angekipata wapi? Kesho mtamshukuru na kwa bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, kwa kuwa linaishia Chongoleani hapa kwetu.

Mnataka mfano wa imani inavyojengwa, angalieni maji. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, walitoa hatifungani ya kijani, yaani waliwakopa wenye hela kwa miradi inayojali mazingira, ya bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, hela ya kupanua huduma ya maji. Wenye hela zao hawakuambiwa nunueni kwa kuwa fulani ni mchapakazi mwenye maono. Waliwekewa mahesabu mezani, mapato haya, madeni haya, mtalipwa hivi, wakasoma ndipo wakatoa. Na zinarudi kutoka kwenye bili zetu mimi na wewe. Sasa kwa wanasiasa wetu tumegeuza, hesabu hatuoni ila hela ya keki tunaombwa.

Najua kuna wa kusema diwani ndiye aliyepigania mgao uje kwetu usiende kata nyingine. Inawezekana, huko ndani wanavutana kweli. Ila mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi, mwananchi unaruhusiwa kuingia ukakaa kimya ukasikiliza, mie nimeshakaa, na kuna waheshimiwa toka dua ya kufungua hadi kufunga hawajanyanyua mkono. Mwingine ukimuona mtaani ni simba.

Yaliyo mkononi mwa diwani hasa yapo na si madogo. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Anapitisha bajeti ya jiji, sheria ndogo, ushuru wa sokoni. Na zile asilimia 10 za mapato ya ndani ya halmashauri zinazokopeshwa vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hapo ndipo pa kumpimia mtu. Mnakumbuka 2023 mikopo ile ilisimamishwa nchi nzima baada ya ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha marejesho hayaeleweki na kuna vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Iliporudi mie nilikwenda ofisi ya kata kutafuta orodha ya vikundi vilivyopata, ukutani kuna kalenda na picha za viongozi, orodha hakuna. Nikamuuliza diwani mwenyewe, akaniambia "Njoo wiki ijayo kaka yangu." Na alikuwa yule yule wa saruji.

Hapa ndipo roho inaniuma, maana miaka ile ya mwanzo alikuwa akija kwenye mkutano wa mtaa anahakikisha mwenyekiti anasoma mapato na matumizi mpaka ya mchango wa ulinzi, nani katoa nani hajatoa, tochi zimenunuliwa bei gani. Watu walikuwa wanasinzia. Akigawa jezi uwanja unalipuka. Sasa mtu unampigia makofi akikata utepe, akihesabu saruji unanyamaza, unategemea atashika kipi? Siku hizi ni kombe la diwani, futari ya diwani, madaftari yana sura ya diwani. Sisemi futari mbaya, nimekula na tende zilikuwa nzuri.

Kingine ambacho vijana wengi humu hamkioni ni kwa nini watu wazima wanatoa hiyo elfu tano. Wengi hawana uchawa wowote, ni muhuri. Jirani yangu, mama mtu mzima, anauza maandazi, alitoa bila kuulizwa mara mbili. Nikamwuliza mama, we diwani kakufanyia nini? Akaniambia, "Baba Zena, mie mjukuu wangu anaomba mkopo wa bodi, fomu inataka muhuri wa mtaa. Nigombane na wenye muhuri kwa elfu tano?" Ukitaka barua ya benki, muhuri. Kitambulisho cha taifa, muhuri. Kumwekea mtu dhamana, barua ya mtaa. Na mjumbe anayebeba daftari la mchango ndiye huyo huyo ukifika ofisini anaulizwa huyu unamfahamu? Hiyo hela ikija kuhesabiwa ukumbini itasemwa wananchi wameonyesha imani yao.

Zamani kidogo haikuwa hivi, au haikuwa hivi sana. 2015 Tanga tulikuwa na mchuano wa kweli, jimbo likaenda CUF kwa Mussa Mbarouk, madiwani wakakaribiana mpaka uchaguzi wa meya ukageuka mgogoro. Ilikuwa kero kweli, lakini kipindi kile viongozi wa pande zote ndio walikuwa wanakuja barazani kwetu, wanakunywa kahawa, wanaulizwa mbona taa haziwaki, wanajibu huku kijasho kinawatoka. 2019 uchaguzi wa mitaa wapinzani wengi wakaenguliwa, vyama vyao vikajitoa, 2020 jimbo likarudi CCM kwa Ummy Mwalimu, na 2024 mitaa ikaenda chama kimoja karibu yote nchi nzima. Sishabikii chama humu, kadi yangu ipo sandukuni na sitasema rangi. Nasema tu kiongozi asiye na wa kumng'oa hana haja ya kukuuliza umeridhika, atakuita kwenye hafla uje useme umeridhika.

Kuna ustaadhi kwenye hafla yetu alisimama akasema asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu. Kweli kabisa, nami naikubali. Mbona basi hakushukuriwa yule mzee wa kamati? Au zile kaya zilizonyanyua boma la zahanati kwa mifuko yao, serikali ikaja kupaua tu, na kwenye jiwe la ufunguzi likaandikwa jina la mgeni rasmi aliyekaa pale kama nusu saa?

Haya mkuu, wewe sasa. Mjumbe akirudi mwamkie vizuri, ni mtu mzima, usimtolee maneno ya humu mtandaoni. Mwulize kama ni mchango wa hiari, maana akisema ni wa lazima mwambie akuonyeshe muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa uliopitisha, na akuandikie risiti. Mie wangu nilimwambia hivi, nitatoa elfu kumi badala ya tano kama siku ya hafla vitasomwa kwa majina vikundi vilivyopata ule mkopo na kila kimoja kimepewa kiasi gani. Akacheka, "Wee bwana una maneno," akafunga daftari akahamia nyumba ya pili. Hajaninunia, juzi tulikuwa msibani pamoja tumebeba jeneza.

Kama hofu yako ni muhuri kama yule mama, jua barua ya utambulisho unaweza kwenda kwa mtendaji wa mtaa, yule ni mwajiriwa wa halmashauri, hakuchaguliwa na mtu na hana hafla ya kuandaliwa. Akikuzungusha panda kwa mtendaji wa kata. Asubuhi mapema ndiyo unampata, baada ya saa nne yuko saiti.