Toki renchi ikilia, rimu huenda bado haijabanwa

Wiki iliyopita nilimkuta kijana mmoja wa gereji yetu anashusha gari kutoka kwenye jeki, jasho linamtiririka, uso umemkunjuka kwa furaha. Amebadilisha stadi zote za nyuma, yaani zile bolti zinazotokeza kwenye habu kushika gurudumu, amevalisha spesa za milimita 15, yale mabamba ya kusogeza rimu nje, amerudisha rimu. "Zote zimelia, fundi," akaniambia, toki renchi, ile spana inayolia ikifika nguvu uliyoipangia, bado iko mkononi. Nikatazama nati. Ni zilezile za kofia, zilizozibwa mbele, zilizokuja na gari. Nikamwambia apandishe jeki tena, afungue zote. Alinuna, na ninamwelewa, kazi ile inaumiza mgongo. Lakini kosa lile nililifanya mimi kabla yake, na sitaki kuona mtu mwingine analipitia. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyeingia kazini juzi.

1. Pima kabla hujanunua stadi. Toyota nyingi ni M12, yaani unene wa milimita 12, hatua ya 1.5, yaani milimita 1.5 toka uzi mmoja hadi unaofuata, Nissan nyingi ni M12 hatua ya 1.25, na nati ya moja inaanza kuingia kwenye stadi ya nyingine mzunguko mmoja au miwili kabla ya kugoma. Ikigoma mkononi, iache. Ukiikabidhi kwa mashine ya upepo itaingia kweli, na uzi utakuwa umekufa. Halafu uzi kufanana hakutoshi: chukua venia, kile kipimo cha taya mbili, upime yale meno ya shingoni mwa stadi yanayong'ang'ania habu, hadi desimali ya milimita. Shingo nyembamba itazunguka pamoja na nati siku ya pancha ya kwanza, na mwenye gari atakuwa njiani peke yake.

2. Spesa ya milimita 15 inakula milimita 15 za uzi. Hapo hakuna mjadala. Nati inatakiwa ishike uzi wenye urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe, kwa hiyo M12 inataka milimita 12: mizunguko 8 kamili kwa hatua ya 1.5, karibu 10 kwa hatua ya 1.25. Hesabu kwa mkono, kwa sauti, hata kama wenzako wanakuangalia. Na usipange spesa mbili pamoja, hata mteja akikubembeleza.

3. Usigonge stadi kwa nyundo wakati habu iko kwenye gari. Najua inatoka. Najua umeona wakubwa wakifanya, na mimi nimewaona. Lakini kila pigo linapita kwenye beringi, na beringi itakuja kuunguruma baadaye, wakati wewe umeshasahau. Fungua kalipa uifunge kwa waya isining'inie kwenye hosi ya breki, toa diski, zungusha habu mpaka upate nafasi ya stadi kupita nyuma. Magari mengine hayana nafasi hiyo, habu lazima itoke. Itoe. Kuingiza stadi mpya, presi ndiyo njia. Kama huna presi, tumia washa nene na nati ya zamani ambayo utaitupa, vuta taratibu, kisha chungulia nyuma kwa tochi. Kichwa cha stadi kikae sawasawa kwenye habu, hata ukucha usipate pa kuingia. Kichwa kilichobaki nusu kitamalizia kuingia barabarani, na siku hiyo nati yako italegea ingawa hujaigusa.

4. Nati. Hapa naomba utulie.

Ilikuwa gari dogo la saluni, mwenyewe anataka magurudumu ya mbele yatoke nje kidogo. Spesa za milimita 20. Stadi nilizopata zilikuwa ndefu kuliko za zamani kwa milimita 28. Zile 8 za ziada nilizifurahia, nikasema uzi mwingi ndiyo usalama wenyewe. Nikaingiza stadi kwa presi, vizuri kabisa, nikasafisha habu, nikavalisha spesa, nikapandisha rimu. Kisha nikachukua nati zake za kofia, zile zilizozibwa mbele, nikafunga kwa mtindo wa nyota, toki renchi nimeiweka nyutoni mita 103. Ikalia tano kwa tano. Nikatikisa gurudumu juu na chini, kimya. Nikampa funguo.

Nati ya kofia ina kina chake, na kina hicho kimepigiwa hesabu ya stadi ya kiwandani. Stadi yangu ilikuwa imefika mwisho wa kofia kabla koni ya nati, ule mdomo wake uliochongoka, haijaikandamiza rimu. Toki renchi ikalia kwa sababu nati ilikuwa inasukumana na ncha ya stadi. Rimu haikuwemo kabisa kwenye ugomvi ule. Ilikuwa imekaa tu kwenye ukingo wa spesa, imetulia, na ndiyo maana nilipoitikisa haikusema kitu.

Siku ya pili jamaa akanipigia simu: usukani unatetemeka akifika spidi 80. Nikamwambia, "Hiyo ni balansi, lete kesho." Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile tumbo linanikaza. Alikuwa na tatizo la stadi zinazokatika, akaniuliza mimi fundi wake, nami nikamtuliza.

Usiku ule akapiga tena, amesimama pembeni ya barabara, kuna mlio wa ko-ko-ko kila gurudumu likizunguka. Nilikwenda na taa. Stadi mbili kati ya tano hazikuwepo, ya tatu ilitoka nilipoigusa kwa vidole viwili. Matundu ya rimu yalikuwa yameshakuwa na umbo la yai. Nikamulika pale ilipokatikia: nusu moja laini, nyeusi, yenye mistari iliyopinda kama ya kombe la pwani, nusu nyingine imeng'aa, chembechembe, imekatika muda mfupi tu uliopita. Ile nusu nyeusi ni ufa uliokuwa unatembea kidogo kidogo huku mimi nikisema ni balansi. Nikachungulia ndani ya nati. Chini kabisa kulikuwa na duara linalong'aa, alama ya ncha ya stadi.

Mwenye gari hakunifokea. Mama yake alikuwa kiti cha nyuma. Akashusha kioo, akakitazama kile kipande kiganjani mwangu, akauliza, "Mwanangu, haka ndiko kalikokuwa kanashika gurudumu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mama."

Sasa elewa kazi ya stadi. Ukikaza nati vizuri, stadi inavutika kidogo mno, kama springi, na mvuto huo ndio unaozibana habu, spesa na rimu pamoja. Uzito wa gari unabebwa na msuguano wa nyuso zile. Usipoivuta stadi, rimu inatembea, na kila mzunguko stadi inakunjwa na kunyooshwa. Hakuna chuma kinachovumilia hivyo kwa muda mrefu, hata kiwe cha daraja la 10.9, chuma kigumu cha bolti.

Kwa hiyo ukiweka stadi ndefu, nunua nati zilizo wazi pande zote mbili. Ukilazimika kutumia za kofia, ingiza nati peke yake kwenye stadi, hesabu mizunguko mpaka igote, kisha hesabu tena rimu ikiwepo. Rimu ikiwepo, nati lazima ikabane kwenye koni yake huku bado kuna mizunguko imebaki. Koni nayo ifanane na kiti cha rimu: koni kwa koni, duara kwa duara, bapa kwa bapa.

5. Kutu kwenye uso wa habu piga kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Usipake grisi kwenye koni. Nambari ya kukazia itoke kwenye kitabu cha gari lile, usiikariri kutoka gari la jana. Gari likitembea kilomita 100 lirudi ukaze upya, na mwandikie mteja tarehe kwenye karatasi, maana ukimwambia kwa mdomo hatarudi. Na mteja akikuambia usukani unatetemeka, pandisha jeki siku hiyohiyo.

Yule kijana wetu alipofungua nati ya kwanza nilimpa tochi nikamwambia achungulie ndani. Alikaa nayo muda, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye lile duara linalong'aa. Hakusema kitu. Akachukua wili spana, akaanza kufungua ya pili.