Kabla hujakata mruka, funua samadi yako

Miaka minne iliyopita nilikata miruka mitatu, miti mikubwa ya kivuli, upande wa chini wa kihamba chetu, yaani shamba letu la nyumbani, huku mlimani Kilimanjaro. Niliamini kahawa ikipigwa na jua itazaa zaidi, na msimu wa kwanza ilizaa kweli. Samadi ndiyo iliyonifumbua macho.

Kila asubuhi natoa mavi mabichi bandani na kuyapeleka shambani. Upande wa juu, chini ya miruka, miringaringa na migomba, fungu lilikwisha ndani ya siku chache. Upande wa chini lilikauka likawa gamba gumu, likakaa hivyo mpaka masika, na nzi wakazidi.

Ili nijue ni wadudu gani wanaoimaliza samadi, nikafukia makopo, midomo usawa wa ardhi, juu ya kila moja nikaning'iniza donge la mavi ndani ya kitambaa. Asubuhi makopo ya kivulini yalikuwa na madundu wa kila namna: weusi wenye pembe, wa kijani wanaometameta, wengine wadogo kama punje ya mtama. Ya juani yalikuwa na wale wadogo tu.

Wengi tunamjua dundu anayeviringisha donge kwa miguu ya nyuma. Wapo pia wanaoishi ndani ya fungu lenyewe. Lakini mkulima wa kahawa awathamini zaidi wachimbaji. Hao hutoboa ardhi chini ya samadi, wakaishusha mashimoni na kutaga mayai humo. Mbolea inaifikia mizizi, maji na hewa vinapita, na nitrojeni nyingi inabaki udongoni badala ya kupotea hewani. Australia, ambako madundu wa kienyeji walizoea mavi ya kangaruu, mavi ya ng'ombe yalirundikana malishoni na nzi wakawa balaa, hata tangu miaka ya 1960 wataalamu wao wakachukua madundu wenye asili ya Afrika. Sisi tunao bure!

Kwa hiyo, ndugu mkulima, punguza matawi ikiwa kivuli kimezidi, ila mti uache. Udongo ukiwa wazi juani hupata joto na kukauka, na madundu waliozoea msitu hawastahimili. Mexico na Kolombia pia imeonekana kwamba kahawa ya kivulini huhifadhi aina nyingi zaidi za madundu kuliko ya juani.

Jambo la pili wengi hawaambiwi. Ng'ombe akichomwa sindano ya minyoo iitwayo ivermektini, dawa hutoka kwenye mavi na kuua viluwiluwi wa madundu. Mimi mavi ya ng'ombe huyo nayatenga kama mwezi mmoja, nayaozesha pembeni. Muulize daktari wa mifugo kuhusu albendazole, dawa nyingine ya minyoo. Madhara yake kwa madundu ni madogo mno.

Nimepanda miringaringa miwili pale nilipokata. Sasa imenipita kimo. Mwezi uliopita nilifunua samadi chini ya mmoja, nikakuta mashimo mawili, udongo mbichi umerundikwa pembeni.