Rivolva kubwa zisizo maarufu, na ile iliyokutwa darini Nyangao

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mfanyabiashara hapa Masasi na nina leseni ya kumiliki bastola. Mpwa wangu anaishi San Antonio, Texas, kwa ukazi wa kudumu. Anataka kununua rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya fremu kubwa iliyokwisha kutumika, ila hataki Smith & Wesson Model 29, kwa sababu kila mtu anaikimbilia na bei yake haishikiki. Atafute ipi, aikague vipi, na je, anaweza kuniletea akija likizo? – Msomaji, Masasi

JIBU: Marahaba. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kuwafikisha mahakamani. Mpwa wako hawezi kuitia kwenye begi na kuja nayo. Kuitoa bastola Marekani kunahitaji kibali cha serikali ya huko, na kuiingiza Tanzania kunahitaji kibali kinachotolewa kabla silaha haijafika, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni uliyonayo inahusu silaha ambayo namba yake imeandikwa humo, wala haikupi ruhusa ya kupokea nyingine. Tena ukimtumia fedha ili akununulie wewe, huku kwenye fomu ya muuzaji akijiandika kuwa mnunuzi halisi ni yeye, atakuwa ametenda kosa la jinai huko Marekani. Kwa hiyo naomba tukubaliane kuwa rivolva hii ni yake, kwa fedha zake, na itabaki Texas. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kununua kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Mwenye viza ya muda, wanafunzi wakiwamo, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Fremu kubwa ya Smith & Wesson, ambayo kiwanda huiita fremu ya N, ilianza kuuzwa mwaka 1908, na Model 29 inayotumia risasi ya .44 Magnum ni mtoto mmoja tu katika ukoo mrefu. Kwa mtu anayeishi San Antonio, ningeanza na Model 58. Ilitoka mwaka 1964, ikitumia risasi ya .41 Magnum, na ilitengenezwa kwa ajili ya polisi: shabaha zake hazirekebishwi, mtutu ni wa inchi 4, na haina urembo wowote. Polisi wa mji huohuo wa San Antonio waliichukua. Askari wengi waliona inarusha mkono kupita kiasi, wakuu wa polisi hawakuipenda sana, na ilipofika 1977 kiwanda kikaiacha. Kutopendwa huko ndiko kulikoifanya iwe adimu, na kwa sababu haivutii macho, hadi leo mtu anaweza kuipita mezani bila kujua alichokiona.

Kama shida yake ni fedha, basi Model 28, iliyotengenezwa kuanzia 1954 hadi 1986, ina fremu ileile kubwa lakini hutumia .357 Magnum, risasi inayopatikana kila duka. Si adimu, lakini mimi binafsi naiheshimu kuliko nyingi zinazong'aa. Akipenda historia zaidi, atafute Model 1917, ambayo Smith & Wesson na Colt waliitengeneza kwa jeshi la Marekani wakati bastola za kawaida za jeshi hilo hazikutosha. Hutumia risasi ya .45 ya bastola za kujijaza zenyewe, na kwa kuwa ganda lake halina ukingo wa kushikwa, risasi hupachikwa tatu tatu katika kibanio cha nusu duara ili maganda yasukumwe nje kwa pamoja. Brazili iliagiza 25,000 za Smith & Wesson mwaka 1937, na nyingi zilirudi Marekani miongo kadhaa baadaye zikiwa na nembo ya nchi hiyo ubavuni. Colt New Service, iliyoanza 1898, ni kubwa kuliko hizo zote za Smith & Wesson, na mwenye mkono mdogo haimfai.

Katika ununuzi huu ningemtaka aulize kwanza risasi, kisha ndipo aulize bastola. Rivolva ya .455, risasi ya zamani ya jeshi la Uingereza, inaweza kuwa rahisi na nzuri, lakini risasi zake ni chache na ghali, na hapo ndipo watu wametumbukia kwenye hatari. Webley, rivolva za Kiingereza zinazokunjika katikati, nyingi zilizouzwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili zilisagwa nyuma ya silinda ili zikubali risasi ya .45 ileile ya Model 1917. Mgandamizo wa risasi hiyo unakaribia ule ambao Waingereza waliutumia kuijaribu Webley kiwandani, si ule wa matumizi ya kila siku, na fremu ya kukunjika haikuundwa kuubeba. Webley iliyosagwa hivyo ni ya kuwekwa kabatini. Vilevile Smith & Wesson za .455 zilizopelekwa Uingereza na Kanada katika Vita Kuu ya Kwanza nyingi zilitobolewa upya chemba (matundu ya risasi kwenye silinda) ili zikubali .45 Colt, si lazima ziwe mbovu, ila thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka, na bei inapaswa kushuka nayo.

Kuhusu ukaguzi, afanye kama mnunuzi wa korosho anayechota katikati ya gunia badala ya kutazama za juu. Kwanza ahakikishe kwa macho na kwa kidole kwamba chemba zote ni tupu. Kisha, kwa idhini ya muuzaji, avute nyundo polepole kwa kila chemba: silinda lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho, na ikichelewa hata kwenye chemba moja, hiyo ni kazi ya fundi na ni hoja ya kupunguza bei. Nyundo ikiwa imesimama, aisukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa triga. Ikianguka, aiache na aondoke. Asukume silinda mbele na nyuma, atazame mwanga kati ya silinda na mtutu, na achungulie ndani ya mtutu akitafuta kivuli cha duara, kwa sababu kivuli hicho ni dalili ya mtutu uliovimba. Kwenye zile za zamani namba ya chini ya mpini ilirudiwa kwenye silinda na chini ya mtutu, na zote zinapaswa kulingana. Kuanzia mwaka 1957 namba ya modeli hupigwa ndani, mahali ambapo mkono wa silinda hukaa, kwa hiyo asiridhike na jina lililoandikwa kwenye kibandiko. Rangi nzuri mno kwenye bastola ya miaka 70 mara nyingi inamaanisha imepakwa upya, na herufi zilizofifia kingo ni dalili ya hilo.

Atafute minadani, hasa ya mali za marehemu, na kwenye maonyesho ya silaha. Akiipata jimbo jingine, itabidi ipitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni katika jimbo lake. Kabla ya kulipa bei ya adimu, aombe barua ya historia ya Smith & Wesson, ambayo hueleza bastola ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa kwa nani.

SWALI: Mzee, tulipobomoa nyumba ya babu hapa Nyangao tulikuta darini bastola kubwa yenye silinda, imekula kutu. Mtu wa Lindi mjini anasema wazungu wanazinunua. Tumuuzie? – Msomaji, Nyangao

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Hamna leseni, naye hajaonyesha yake, kwa hiyo mauzo hayo ni haramu kwenu nyote. Acheni ilipo, msijaribu kuifungua, maana risasi iliyogandia chemba bado ni risasi. Mwenyekiti wa kijiji aarifiwe, naye awaite polisi waje kuichukua mbele ya mashahidi, na muombe hati ya makabidhiano. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, lakini msikae nayo mkisubiri kingine.

Sishangai kwamba imekutwa hapo. Mapigano ya Mahiwa kati ya Waingereza na Wajerumani, ya Oktoba 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza, yalifanyika jirani nanyi kabisa, na maofisa wengi wa Kiingereza wa wakati huo walibeba Webley Mark VI ya .455. Kama ni ya aina inayokunjika katikati kwa kubonyeza kitasa kilicho juu, karibu na nyundo, huenda ndiyo hiyo. Waambieni polisi kwamba inaweza kuwa ya vita hivyo, na muombe maneno hayo yaandikwe kwenye hati, ili Makumbusho ya Taifa wakiihitaji waweze kuiulizia kabla haijateketezwa.