Maji ya chini ya ardhi yanayotokea baharini: mionzi inayapimaje?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima mwani huku Tanga, upande wa Kigombe. Wakati wa bamvua maji yakipwa kabisa, kuna mahali nikikanyaga mchanga nasikia ubaridi, na maji yanayochuruzika hapo hayana chumvi kali. Mwani wa karibu na hapo haustawi. Kijana mmoja wa chuo katuambia maji hayo hupimwa kwa mionzi. Watu wameshtuka. Watamwaga sumu baharini? Na hiyo mionzi inahesabuje maji?

JIBU: Dada, watulize wenzako: hakuna kitakachomwagwa. Mionzi inayotafutwa imo tayari ndani ya maji. Mwamba na mchanga vina urani na thoriamu za asili, na hizo zikivunjika polepole huzaa radiamu, kisha gesi iitwayo radoni. Maji yaliyokaa chini ya ardhi huibeba. Yakitoka baharini, gesi hupeperuka hewani, na inayobaki hupungua nusu kila siku 3.8. Ndiyo maana maji ya kisima yanaweza kuwa na radoni mara mia, hata mara elfu, kuliko ya bahari. Na kama hofu ni mionzi yenyewe, maji ya bahari popote yana bekereli (kipimo cha mionzi) kama 12 kwa lita, karibu zote za potasiamu ya asili, na bado tunaogelea.

Sasa hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, si za Kigombe. Tuseme maji yana kina cha mita 2 na kila mita ya ujazo ina bekereli 50 za radoni, baada ya kutoa ile ambayo maji ya bahari huizalisha yenyewe. Chini ya kila mita ya mraba kuna bekereli 100. Kila siku 18 huisha kwa kuvunjika, tuseme 25 hupeperushwa na upepo, na 57 huchukuliwa na mkondo kwenda kilindini. Jumla 100. Kama kiwango hakishuki, basi kuna kitu kinachorudisha 100 kila siku. Maji ya kisima cha karibu yakiwa na bekereli 5,000 kwa mita ya ujazo, gawanya 100 kwa 5,000: unapata mita 0.02, yaani sentimita 2 za maji zinapanda kutoka mchangani kila siku. Kwenye ukanda wa mita 500 kwa 100, hizo ni lita milioni moja kwa siku.

Lakini kisima kingine kikiwa na 2,500, jibu linakuwa milioni mbili. Bahari ni ileile, radoni ni ileile. Mimi nikipewa tarakimu ya aina hii, swali langu la kwanza huwa: mlichota kisima gani? Kwenye pwani ya mwamba wa matumbawe kama yenu, ambako maji hupita kwenye nyufa badala ya kuchujika sawasawa, visima viwili jirani vinaweza kutofautiana sana. Na chemchemi za salfa za Galanos kule Amboni zichotwe peke yake, zisichanganywe na visima vya kawaida.

Radiamu ina tabia nyingine. Kwenye maji matamu hung'ang'ania punje za udongo. Chumvi ikifika, huachia. Kwa hiyo yenyewe huonyesha zaidi maji yenye chumvi yaliyopita mchangani. Watafiti hupitisha lita 100 hivi za maji ya bahari, taratibu, kwenye nyuzi za akriliki zilizopakwa manganizi hadi zikawa nyeusi kama nywele, kisha nyuzi ndizo zinazopelekwa kwenye mashine. Radiamu-224 hupungua nusu kwa siku 3.7, radiamu-223 kwa siku 11.4, ukilinganisha hizo mbili unakadiria maji yameondoka ufukweni siku ngapi zilizopita.

Jambo ambalo wengi hulipita: si maji yote hayo ni matamu. Maji yakijaa, bahari huingia mchangani. Yakipwa, hutoka yamebeba radoni na radiamu, nayo huhesabiwa. Mwaka 1996 mtafiti Willard Moore alikadiria kwamba kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Marekani maji yanayotoka ardhini yanafikia kama asilimia 40 ya maji ya mito ya huko. Watu wakadhani ni maji ya kunywa yanapotea. Sehemu kubwa ni ya chumvi. Kuyatenganisha kunataka kipimo cha chumvi sambamba na mionzi.

Kwako wewe, ningeanza na kipimo hicho hicho cha chumvi, maana ni rahisi na kinajibu suala la mwani moja kwa moja: pima penye ubaridi na hatua 50 pembeni, maji yakiwa yamepwa, bamvua na maji mafu, masika na kiangazi. Tofauti ikiwa kubwa, hamisha kamba za mwani. Kijana wa chuo akija, mwonyesheni pale penye ubaridi na visima vyote, hata vilivyoachwa. Na mkisaidia kuchota sampuli ya radoni, mpira wa maji ufike chini kabisa ya chupa, maji yafurike kwanza, kisha mfunge bila kuacha povu hata moja. Gesi ikitoroka kwenye chupa, radoni itasoma pungufu, na hesabu yote itapotoka.